Elkanah na Kipande cha Mwisho

Elkanah ana mdomo, na mimi sina subira na watu wenye mdomo. Nilimwambia hivyo wiki ya kwanza tulipoanza kupokezana zamu nyumbani kwa Bi Cheryl, mtaa wa Shaw huku Marekani, naye akacheka tu. Mimi Mwatime ni mtu wa Kwale. Jambo nalisema lilivyo, nikimaliza nanyamaza.

Yeye kwao Musoma, lakini ujana wake aliumalizia Mwanza, mtaa wa Mabatini, kwenye kibanda umiza. Hicho ni chumba cha mabati chenye mabenchi na televisheni moja, watu wamebanana wanatazama sinema za Kichina na za Kihindi ambazo hawaelewi hata neno. Elkanah ndiye aliyekaa kando ya televisheni na maikrofoni, akiwaeleza kwa Kiswahili nani kasema nini na nani sasa hivi atakula kipigo. Chumvi aliongeza, tena nyingi, mwenyewe anakiri. Alipopata grinkadi, kile kibali cha kuishi Marekani, akaja huku, akapanga chumba mji wa Laurel, akasomea kazi ya kutunza wazee. Maikrofoni ilibaki Mwanza. Mdomo akaja nao.

Ukiingia asubuhi unamkuta anamlisha Bi Cheryl uji huku anatangaza kwa Kiingereza chake: kijiko hicho kinakuja, adui hana habari, steringi anafungua kinywa. Steringi ndiye shujaa wa picha. Na Bi Cheryl, bibi Mweusi aliyezaliwa mtaa uleule, anayekaribia miaka mia na ambaye presha ya macho imemzima macho yote mawili, anacheka mpaka uji unampalia. Ningefanya mimi ningefukuzwa.

Ni Elkanah aliyemuuliza kuhusu sinema za utoto wake. Mimi nilikuwa nakunja nguo, nikasikia yote.

Sinema zilikuwa zimeanza kusema juzijuzi tu. Kila Jumamosi Bi Cheryl, mtoto wa miaka sita, na kaka yake Nathaniel walikwenda kutazama picha ya vipande, kipande kimoja kwa wiki. Steringi hakuwa mwigizaji. Alikuwa Buck Tolliver, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira kwapani, mtu wa kweli ambaye wanaume wa mtaa walifuata mechi zake redioni. Wewe fikiria. Mtu umezoea kusikia jina lake tu kwenye redio ya jirani, halafu anatokea ukutani mkubwa kama nyumba, na anazungumza. Bi Cheryl alisema alishika mkono wa kaka yake mpaka akamwachia alama za kucha.

Kipande cha kabla ya mwisho kiliishia Buck amefungiwa ghalani stesheni, mlango una minyororo, moto umewaka, na treni ya wezi inaondoka. Wiki iliyofuata Bi Cheryl akaugua surua. Nathaniel akaenda peke yake, na aliporudi akakataa kusema. Nitakuambia ukipona. Alipopona ikawa nitakuambia ukikua. Ukawa utani wao wa miaka na miaka, mpaka Nathaniel akaitwa vitani.

Walimsindikiza stesheni. Bi Cheryl akamwambia, leo niambie. Nathaniel akacheka, akaubana mfuko wake kwapani, akakimbia katikati ya watu akiwakwepa huku na huku, mama yao anamkemea. Akarukia ngazi ya treni, akageuka, akaivaa kofia nyuma mbele, akagonga mlango mara mbili kwa ngumi.

"Siku ya kuagana analeta mzaha," Bi Cheryl alituambia. "Nikanuna. Watu wote wanapunga mikono, mimi nimempa mgongo."

Nathaniel alizikwa Italia.

Basi Bi Cheryl alichotaka kabla hajafa ni hicho tu, kujua Buck alitokaje. Alisema waziwazi, na mimi iliniuma, kwa sababu niliona haiwezekani. Lakini mjukuu wake Audrey akaanza kutafuta, akawaandikia watu wanaokusanya filamu za kale, na mmoja akakipata kipande cha mwisho kwenye boksi la marehemu mjomba wake, akamtumia nakala. Picha tu. Wakati ule sauti ilikuwa kwenye santuri, mbali na filamu, na santuri zilishavunjika. Picha isiyo na sauti, kwa mtu asiyeona.

Jumamosi ya kuitazama, zamu yangu ilikuwa imekwisha na mkoba uko begani, lakini miguu ilikataa kutoka. Audrey akaiweka picha kwenye televisheni, akaanza kumsimulia bibi yake.

"Kuna moshi. Sasa anakimbia."

"Anakimbiaje?"

"Kwa miguu, bibi."

Maskini, alijitahidi. Bi Cheryl alikuwa anasokota pindo la shali, uso umemshuka. Nikamgeukia Elkanah, ambaye alisimama mlangoni kama mgeni.

"Mdomo wote ule, leo umeumeza?"

"Kazi ile niliiacha, dada Mwatime."

"Basi irudie."

Akavuta kiti hadi kando ya televisheni. Akamwomba Audrey aanze upya. Akakohoa kidogo, akaanza, na wallahi sikumjua. Sauti ilitoka chini huko. Moto ukaunguruma, mnyororo ukalia, Buck akapumua. Kiingereza kilipomwishia akaingia Kiswahili, Audrey akataka kumweleza bibi yake anachokiona, Bi Cheryl akamkatiza.

"Mwache. Namwona."

Buck akavunja dirisha, akaangukia kwenye mizigo, akaokota mfuko wa wezi. Kisha sauti ya Elkanah ikashuka, akarudi kwenye Kiingereza.

"Ameubana mfuko kwapani. Anawakwepa watu, kushoto, kulia. Amerukia treni. Anageuka. Anaigeuza kofia nyuma mbele. Anagonga mlango, moja, mbili."

"Simamisha," alisema Bi Cheryl.

Audrey akaisimamisha.

"Elkanah, habari ya Nathaniel unaijua. Umenitilia chumvi?"

Bi Cheryl akageuza uso upande wangu.

"Audrey ananipenda, atanidanganya. Mwatime, wewe mkali. Nenda ukatazame."

Audrey akarudisha nyuma. Nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo, kwa sababu mimi pia nilidhani ni chumvi. Nikatazama mpaka mwisho. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Mfuko uko kwapani," nilimwambia. "Kofia ameigeuza nyuma mbele. Amegonga mara mbili, kwa ngumi. Elkanah hajaongeza hata chembe."

Bi Cheryl aliacha kusokota pindo la shali.

"Kumbe Nathaniel aliniambia," alisema. "Palepale stesheni. Aliniambia yote."

Kisha akaomba irudiwe. Elkanah akaanza tena, safari hii polepole, mpaka Buck aliporukia ngazi na kugeuka. Bi Cheryl akainua mkono kutoka kwenye shali, akapunga. Elkanah alikuwa na maneno mengine, niliyaona shingoni mwake. Akayameza, akaiacha treni iende.