Telegramu Isiyosomwa Mara ya Pili

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya posta Homa Bay, mwanamume mmoja akapiga kaunta kwa kiganja. "Mmemuua baba yangu akiwa hai!"

Kando yake alisimama mama yake, kichwa kimenyolewa upara kwa msiba. Telegramu iliyomfikia Migori ilisema: BABA AMEFIA MFANGANO. Alilia njia nzima, akavuka ziwa na waombolezaji, akamkuta mumewe anakula samaki.

Karani hakubishana. Alitoa fomu kwenye faili, akamgeuzia yule mwanamume. "Huu mwandiko ni wa nani?"

Yule bwana aliifuata kwa kidole. Alikusudia "amefika", lakini herufi K haikuwapo.

"Mama, ni mimi," akasema. "Niliandika haraka, sikuisoma tena."

Mama alipapasa upara wake. "Nywele zitaota, nyathina, mwanangu. Andika ingine, watu wengine wasikuje kuzika. Na hiyo uisome kwa sauti."

Akaandika fomu mpya, akaisoma mbele yetu sote, herufi kwa herufi. Nyuma yangu karatasi zilichakarika: foleni nzima ilikuwa inasoma fomu zake upya.

Yangu ilikuwa na makosa mawili.