Teleza

Juzi, kwenye mechi yetu Handsworth, niliona msichana wa timu ya wageni ametapakaa tope hadi kwenye nyusi, nikacheka peke yangu.

Nami nilitapakaa hivyo mchana mmoja, muda mfupi baada ya kufika huku ughaibuni kutoka Kisumu. Shuleni walinipa fimbo yenye wavu mdogo wa kudakia mpira, wakaniweka nyuma nilinde goli. Nyasi zilinuka mvua. Mpinzani alipomhepa mlinzi mwenzangu, kocha akapaza sauti, "Slide!" Mimi nililijua neno hilo kwa maana moja tu, kuteleza. Basi nikateleza. Nilijirusha kifudifudi kwenye tope, na mpira ukapita juu yangu ukaingia golini.

Wasichana wakaangua kicheko. Kocha akaniambia nitoke nikapumzike.

"Sitoki," nikasema.

Mama, ambaye bado alikuwa amevaa sare yake ya kazi ya kutunza wazee, akasogea hadi kwenye mstari wa uwanja. "Coach, you said slide. Si ameslide? Kosa liko wapi?"

Nikabaki. Sasa najua kocha alitaka nimwache mpinzani niliyekuwa nikimkaba, nikamzibe yule aliyempita mwenzangu. Siku hizi kocha ni mimi, na walinzi wangu wote, hata wasiojua Kiswahili, huitana, "Teleza!"

Juzi kocha wa wageni alilalamika kwamba wasichana wake hawaelewi tunachosema.

"Hata mimi sikuelewa," nikamjibu. "Na sikutoka."