Maua Ndiyo, Vitunda Hapana

Shangazi yangu hupiga pasi nguo za watu katika chumba chake cha mbele, na mtaa mzima humwita Mama Pasi. Mdomo wake nao una moto kuliko hiyo pasi. Mteja akileta shati lililojikunja husikia: "Hili ulilivaa au ulilitafuna?"

Ukuta wa uani ulifunikwa na mmea wa kutambaa tunaouita maua-asali. Maua yake huchanua meupe, kisha hugeuka manjano. Ukichuma moja na kuvuta taratibu ule uzi wa kitakoni, hutoka tone dogo tamu. Shangazi aliyakausha kivulini. Mengine aliyaweka katikati ya mashuka ya wateja yanukie, mengine aliyatia maji ya moto koo lilipomkereketa. Vitunda vyake vyekundu havikuguswa. Binti yake, yaani binamu yangu, alichapwa kofi mkononi utotoni kwa kukisogelea kimoja tu.

Binamu huyo aliolewa mbali, akazaa huko, na mtoto akafika miaka minne bila bibi yake kumwona ila kwenye picha za simu. Shangazi alimtamani mtoto yule mpaka inatia huruma. "Nataka aniite Bibi kabla sijafa," aliniambia. "Mengine yote nimeshayapata au nimeshayasamehe."

Walipokuja hatimaye, mtoto alijificha nyuma ya gauni la mama yake. Shangazi akawa "yule". Yule anataka nini? Yule ataondoka lini? Mbele ya watu shangazi alicheka, kisha nikamkuta jikoni anafuta macho.

Asubuhi moja alimpeleka mtoto uani akamwonyesha kuvuta ule uzi. Mtoto akanyonya, akatabasamu. Akataka jingine, akajikalia mapajani pa shangazi bila kuombwa.

"Shangazi, mwambie na habari ya vitunda," nilisema.

Akanikata jicho. "Ndiyo kwanza anacheka, wewe unataka nimtishe? Nitamwambia baadaye."

Mimi nikaenda dukani. Mteja akabisha hodi, shangazi akaenda kufungua, mtoto akabaki na ukuta wake. Kwa akili ya miaka minne, ua likiwa tamu, tunda si litakuwa sukari tupu? Niliporudi anatapika, midomo myekundu.

Tulimsuuza mdomo tukakimbilia zahanati. "Vizuri hamkumlazimisha kutapika," alisema muuguzi. "Ila siku nyingine njooni na kitawi, nijue ni mmea gani. Hii mimea ina jamaa wengi, na vitunda vya wengi wao vina sumu." Bahati nzuri alikuwa amekula vichache, na kufika jioni akaomba chakula.

Binamu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Mama, mimi ulinichapa," akafunga mizigo.

Hasira hasara, lakini nani wa kumwambia Mama Pasi? Walipoondoka tu alichukua panga akaufyeka mmea wote, akang'oa na mizizi.

"Shangazi, kosa si la mmea."

"Najua! Nimkate nani sasa, nijikate mwenyewe?"

Wiki zikapita bila simu. Wateja walileta nguo zilizokunjamana wakarudi bila kutukanwa, nami nikaogopa. Siku simu ilipolia, shangazi alikuwa anapiga pasi shati la mtu. Sauti ndogo ikasema, "Bibi?"

Akashika meza.

"Bibi, mama amesema maua ndiyo, vitunda hapana. Tukija utanipa maua?"

Shangazi aliutazama ukuta mtupu kupitia mlangoni. Pasi imelala juu ya shati, moshi unapanda, na hakuna aliyeigusa.

"Njoo, mjukuu wangu," alisema, machozi yanamtiririka. "Njoo tu. Bibi atakupa."

Alipokata simu hakulitazama lile shati.

"Vaa viatu," aliniambia. "Tunakwenda kutafuta mche."