Nyumba Kubwa Nimeijenga, Nimeachwa Bandani

Admin, nifichie jina na mtaa usiutaje, sema tu ni huku Chamazi, maana mawifi zangu wote wanasoma ukurasa huu. Nina miaka arobaini na moja, mama wa watoto wawili, nashona sare za shule hapa hapa nyumbani. Msinitukane kabla hamjafika mwisho. Mkifika mwisho, ruksa.

Mume wangu nitamwita Baba Naima, dereva wa malori. Miaka tisa iliyopita tulipata kiwanja, wakati huo huku bado pori. Akaniambia, "Mke wangu, tuanze na banda la uani, chumba na sebule, tuachane na kupanga. Tukiwa humo tutasimamia nyumba kubwa mbele. Mwaka mmoja, miwili tu." Nikakubali. Nusu ya majirani zangu walianza hivyo hivyo.

Yeye yuko safarini, kwa hiyo msimamizi nikawa mimi. Mimi niliyekuwa sijui nondo ni nini nikajua msingi, jamvi la zege la sakafu, linta, kupaua. Niligombana na fundi Sele kwa zege lililokuwa mchanga mtupu mpaka akabomoa na kumwaga upya. Hela ya sare zangu iliishia kwenye mabati. Kuta zilipopanda, kila asubuhi na jioni nilizimwagilia maji kwa ndoo, nikiwa na mimba ya mtoto wa pili, maana ukuta usipomwagiliwa haukomai. Hakuna aliyenituma. Nilijua namwagilia nyumba yangu.

Na miaka yote hiyo hapa tunapolala paliitwa banda. Mvua ikivuja, "Vumilia, hili ni banda tu." Mama yangu akitaka kuja, "Mwambie asubiri, tutamlaza wapi humu bandani?" Mama akasubiri.

Mwaka jana nyumba ikaisha. Kila nikiuliza tunahamia lini, mara rangi haijakauka, mara grili bado. Jumapili moja nafua, nikasikia honi getini. Kigari cha mizigo, kirikuu, kimejaa kitanda, makochi, kabati la vyombo, na mume wangu kakaa mbele. Nikajua nafanyiwa sapraizi. Jamani, nilipiga kigelegele! Nikafungua geti mwenyewe, nikashika upande mmoja wa godoro kuwasaidia wabebaji. Nimefika nalo mlangoni ndipo nikamwona binti aliyeshuka naye, kavaa baibui jipya, ananiinamia. "Shikamoo dada."

Nikamgeukia mume wangu. Akawa anaangalia mabati. "Mama Naima, huyu ni mwenzio. Dini inasema kila mke awe na nyumba yake. Wewe unayo yako ile," akanyoosha kidole uani, "na yeye yake ni hii."

Miaka tisa ni banda. Siku hiyo likawa nyumba yangu.

Nililiweka godoro chini, nikarudi kwenye beseni langu. Sipingi ndoa ya pili, baba yangu mzazi alikuwa na wake wawili. Ila baba hakumjengesha mmoja halafu akamkaribisha mwingine. Jirani yangu Mama Rama alipopata habari akasema, "Shoga, wenzio nyumba ndogo zinafichwa Kipawa huko, ya kwako imepewa sebule na korido! Wewe nyumba kubwa ndiyo umefichwa uani." Tulicheka, kisha nikalia mpaka akaninyang'anya chai iliyokuwa inanimwagikia.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Mwezi uliopita ukuta wa chumba kikubwa mbele ulianza kuloa. Rangi inabanduka, plasta imevimba. Kuna bomba limepasuka chini ya sakafu, na hakuna anayejua limepita wapi. Fundi Sele alirudi kwao Lindi, simu yake haipatikani. Mimi najua. Nilikuwepo wanalitandaza, nikalipiga picha kabla jamvi halijamwagwa. Picha ninayo kwenye simu hii hii ninayoandikia.

Baba Naima alikuja uani mwenyewe, mpole, kofia mkononi. "Mama Naima, lile bomba tulipitishia upande gani?"

"Mie nitajuaje?" nikamjibu, cherehani inaenda. "Mie si wa bandani?"

Wamevunja marumaru za vyumba viwili, hawajalipata. Nilisikia kila nyundo na nikafurahi, Mungu anisamehe.

Juzi binti akaja mlangoni kwangu. Ana mimba ya miezi saba, miguu imemvimba. "Dada, kule kuna ukungu, kifua kinanibana. Kama unajua lolote nisaidie. Mie niliambiwa hii nyumba kaijenga peke yake, na wewe ulikataa kuhamia." Nilitaka kumtukana, nikajizuia. Nikamwambia sijui. Akajibu, "Haya dada, samahani," akaondoka anajishikilia ukutani.

Jana asubuhi walipokwenda kliniki nilizunguka upande wa dirisha lao, nikaweka kiganja ukutani. Plasta ikabaki mkononi mwangu. Ni ukuta ule ule niliobebea ndoo nikiwa na tumbo kama lake, ili ukomae. Sasa maji yanaula, na mimi nimekaa na picha.

Nikiitoa, nimemtengenezea mwenzangu chumba na mume wangu ataendelea kusema kajenga peke yake. Nikinyamaza, naiua nyumba niliyoilea, na kuna kiumbe hakijazaliwa kinavuta ukungu huo. Ndugu zangu, nishaurini, picha niitoe au nisiitoe? Lolote mtakaloniambia nitalisoma, ila msiniambie nisubiri.