Majina Sita na Pumzi Tatu

Leo Jumapili, saa kumi na dakika ishirini alasiri kwa saa ya Baba, Babu aliniita tuchambue maharage. Tulikuwa tumetoka kanisani, ambako kwaya yetu iliwaimbia mgambo wanaokwenda vitani kesho. Kaka Laurenti ni mmoja wao.

"Leo nimekutazama," Babu alisema. "Wenzako wanaimba, wewe unafungua mdomo kama samaki. Sauti uliisahau nyumbani?"

Niliinamia ungo. Ni kweli, huwa nachezesha midomo tu, na nilidhani hakuna anayejua. Naandika aliyoniambia.

"Iko siku moja hainitoki, mwanangu. Nilikuwa na umri wako. Baba yangu alikuwa Mrongo, wale waliofua chuma huku Biharamulo kabla ya majembe ya dukani. Tanuri lilikuwa porini. Sisi vijana tulisukuma mivukuto, naye akataja mafundi wa ukoo wetu waliomtangulia, majina tisa. Kila jina tulilirudia kwa sauti, ndipo tukasukuma. Hapakuwa na daftari, mwanangu, ndivyo tulivyojifunza. Lakini sauti yangu ilikuwa inavunjika, binamu zangu wakaniita jogoo mgonjwa. Nikaona haya, nikawa nachezesha midomo. Mivukuto ina kelele, nani angesikia?

"Baba alisikia. Jioni akaniambia, 'Chuma kimeiva, wewe umebaki mbichi.' Nikanuna, sikuuliza.

"Masika yale akafa. Binamu zangu walikwisha kwenda vibarua Uganda, hawakurudi. Siku ya kuwasha tanuri tena, mafundi wa koo nyingine wakanikalisha mahali pake, wakangoja. Nikataja sita. La saba halikuja. Mzee mmoja akaniangalia, akatazama chini. Yale macho ninayo mpaka leo.

"Tulipohamishiwa hapa Nyakahura, kwenye kijiji cha ujamaa, tanuri tuliliacha kule. Kilichopanda lori ni hayo majina sita."

Nikamuuliza, "Babu, si ulisema wasichana hawakulikaribia tanuri?"

"Tanuri liko wapi sasa? Na kaka yako anaondoka, hata majina hajayajua." Akatupa harage bovu. "Uzembe wangu huo pia."

Akanifundisha mpaka ungo ukaisha. Kalemela, Bihemo, Nyamatale, na wengine watatu. Nilikuwa narudia kwa kunong'ona, naye ananigonga goti, "Sisikii."

Mwisho akasema, "Mwanangu, kuona haya ni vizuri mbele ya wakubwa, lakini usiiachie haya ikale vya watu. Ulichopewa kwa sauti, kitoe kwa sauti, hata kama inatetemeka. Na pale penye majina niliyopoteza usiweke la kubuni. Vuta pumzi tatu, wajue kuna watu walikuwapo. Mungu akupe kifua kipana na miaka mirefu, na watakaokurudishia majina haya."

Usiku nilimwambia sitaweza. Akasema, "Basi lala."

Leo Jumatatu asubuhi nilikuwa nawasha moto wa uji. Laurenti alikuwa mlangoni anafunga mzigo wake. Nikataja jina la kwanza, sauti ikakwaruza.

"Jogoo mgonjwa huyo," Babu alisema kutoka kitandani. "Endelea."

Nikalitaja tena. Laurenti aliacha kamba, akalirudia. Tukaenda hivyo mpaka la sita. Kisha nikavuta pumzi ya kwanza, na nyuma yangu nikamsikia kaka anavuta yake.