Siku Nilipokataa Kuitika

Nilipokuwa mtoto niliwahi kukwama kati ya mawe mawili mlimani, kichwa ndani, makalio nje, huku kwaya nzima ya kanisa ikinitafuta. Tangu hapo nimepotea katika miji ambayo hata majina yake siwezi kuyatamka, lakini aibu ya makalio yale haijapata mpinzani.

Tulikuwa bado wageni Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, tumetoka Fizi, Kongo. Mwalimu wa kwaya alituchukua tupande mlima mmoja mkali, wenye mawe mengi kuliko majani, tukaimbe kileleni na kurudi kabla ya jioni. Koko, mama yake mama yangu, alikuja kwa ajili ya sufuria. Hakumwamini mtu mwingine na maharagwe ya kwaya. Akabaki chini kuwasha moto, lakini kwanza akanivuta sikio.

"Kule juu ukisikia jina yako, usiitike. Mulima inabebaka mwenye kuitika."

Sasa mtoto akiambiwa hivyo, afanye nini? Karibu na kilele nilijitenga, nikatanua kifua, nikapiga kelele jina langu mwenyewe, nione. Wilondja! Mlima ukarudisha, Wilondja, kwa sauti ya mtu aliyekuwa ananisubiri. Nikajichomeka kwenye ufa wa kwanza niliouona, nikanasa.

Kisha mawingu yakashuka. Kwaya ikaanza kuniita, sauti ya kwanza mpaka besi, na mwalimu akawashinda wote kwa hofu, maana ndiye aliyeniomba kwa Koko. Niliwasikia vizuri sana. Niliuma ukosi wa shati nikanyamaza, nikiwaza kwamba mlima huu ni mjanja, umejifunza mpaka sauti ya mwalimu. Mvua ikanyesha, mawe yakaanza kuteleza, na wadogo wakalia, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kushuka bila mimi.

Koko akapanda, ndala mkononi. Hakutaja jina la mtu. Alisema tu, kama anayeongea jikoni, "Ule mwenye alikojoa mu kitanda jana, maharagwe iko tayari."

Jambo hilo tulilijua wawili tu. Mlima ungelipata wapi?

"Haikukuwa miye," nikajibu kutoka ndani ya mawe, na kwaya nzima ikajua ni nani.

Kisa hiki nimekisimulia kwenye meza za mbali, watu wakacheka pale ninapotaka. Sehemu moja huwa naiacha. Nilipokua ndipo nilipoelezwa kwamba kule tulikotoka watu waliitwa kwa majina mlangoni, na walioitika hawakurudi. Pengine Koko aliuhamishia mlimani tu ule mlango, ili mtoto apate kuogopa kitu anachokiona.

Siku hizi anakaa kwa dada yangu, mtaa wa Ruharo mjini Mbarara, mzee sana, masikio mazima. Juzi nikamuuliza kama kweli siku ile alikuwa anasema juu ya mlima, au juu ya wale waliokuwa wakiita watu mlangoni.

Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Nilisema usiitike," akanijibu. "Wewe ukajiita."