Ncha Mbili za Mwanzi

Juzi, kwa fundi mmoja wa mtaa wa Ayany, niliona fimbo kuukuu ya mwanzi ya kuvulia samaki, na harufu ya vanishi ikanirudisha utotoni, chumbani kwetu katika mtaa jirani wa Lindi.

Baba alikuwa akiipaka vanishi fimbo kama ile, ya mteja. Ilikuwa na ncha mbili za kubadilisha, moja nene, nyingine nyembamba. Nyuma ya pazia pacha wangu, Apiyo, aliyekonda kwa ugonjwa, alikuwa akikohoa.

"Baba, mbona hazitoshani?" nikauliza.

"Ziko mbili ndio moja ikivunjika, ingine ibaki."

Nilidhani anatusema sisi. Niliitazama mikono yangu iliyonona, nikalia. Baba akafikiri vanishi imeniingia machoni.

Sasa najua alisema habari za mwanzi tu. Lakini hata leo, nikisema naitwa Adongo, jina la pacha wa pili anayemfuata Apiyo, watu wa kwetu huniuliza, "Na Apiyo yuko wapi?"